Kipepeo wa Kiazi Kikuu

Mwaka 2016 nilikuwa Singapore kwa mafunzo ya miezi mitatu, na Jumapili moja mwenye nyumba wangu, mzee wa Kimalei aliyestaafu ualimu, alinichukua kutembea katika msitu wa Bukit Timah, kilima cha mita 163 ambako Alfred Russel Wallace alikusanya wadudu mwaka 1854. Nilikwenda nikitazamia vipepeo wakubwa wa kujaza kiganja. Alichonionyesha mzee ni kadudu ka rangi ya chungwa, mabawa yake yakifumbwa usingemtofautisha na jani lililokauka, isipokuwa kwa mkia mrefu wenye ncha nyeupe. Mkia wa pili haukuwapo; mzee alisema huenda ndege aliudonoa akidhani ndicho kichwa.

Jina lake la kitaalamu ni Loxura atymnus, na Waingereza wamemwita kwa jina la kiazi kikuu kwa kuwa viwavi wake hula machipukizi ya mimea ya jamii hiyo. Niliposikia hivyo nilicheka, maana bibi yangu kule Muheza alilima viazi vikuu maisha yake yote, na sisi wajukuu kazi yetu ilikuwa kuponda kila kiwavi tuliyemkuta shambani.

Mzee akafunua majani ya mtambaa uliojisokota kwenye mti mdogo. Juu ya chipukizi laini alilala kiwavi wa kijani, bapa kama konokono asiye na gamba, na sisimizi wamemzunguka, wengine wakimpanda mgongoni. Nikaamini kwamba wanamla akiwa hai. Kwa huruma (au tuseme kwa kiherehere) nikaokota kijiti nikawapangusa, nao wakapanda kijiti hadi ndani ya mkono wa shati langu, wakaniuma nikarukaruka mbele ya watalii.

“Umewafukuza walinzi wake, mwanangu,” alisema mzee, bila kuinua sauti.

Akanieleza kuwa kiwavi huyo ana tezi mgongoni inayotoa umajimaji mtamu, na sisimizi wanaoufuata humkinga dhidi ya nyigu na nzi wanaotaga mayai mwilini mwa viwavi. Sikuthubutu kuondoka. Tulichuchumaa pale, mimi nikijikuna, hadi sisimizi mmoja aliporudi, akampapasa kiwavi mgongoni kwa vipapasio vyake, na tone jeupe kama maji likachomoza.