Usilale Kwenye Kipito

Kipito cha mlima, pale mgongo wake unapoinama katikati ya vilele viwili, kina tambarare yake na mandhari ya pande zote mbili. Mtu aliyechoka hutamani kutua mzigo hapohapo. Asitue. Upepo wa mlima mzima hujibana kupita kwenye uwazi huo, na hema hupigwa mpaka alfajiri. Bora kulala mita 200 au 300 chini yake, kwenye mwinuko mdogo. Bondeni kabisa pia hapafai: hewa baridi ni nzito, hutuama humo usiku, na asubuhi hema limelowa kwa ndani.

Ili ufike mapema, piga hesabu ya mwendo ya William Naismith, mpanda milima wa Uskoti, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 10 zenye mwinuko wa mita 900 ni saa tatu u nusu. Ukiwa na mzigo wa kulalia, weka tano. Vitu vizito vikae karibu na uti wa mgongo, usawa wa mabega, na mkanda wa kiuno ushike juu ya mifupa ya nyonga. Ukishuka tumboni, mabega ndiyo yanayolipa.

Kiangazi kinadanganya. Joto hupungua takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, hivyo usiku wa juu unaweza kugandisha maji. Kinachonisikitisha zaidi ni chujio la maji lililoachwa nje. Ndani yake mna vijibomba vyembamba mno. Maji yaliyobaki humo yakiganda hutanuka na kuvipasua. Asubuhi linachuja kama jana, maji maangavu, kumbe vijidudu vinapita. Likung'ute, ulifunge kwenye mfuko, ulale nalo. Ukilitilia shaka, chemsha: juu ya mita 2,000, acha maji yatokote dakika tatu. Mtungi wa gesi nao uupashe mwilini kwanza, maana butani, gesi iliyomo, haigeuki mvuke joto likishuka chini ya sifuri.

Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaja, usipande zaidi; hali ikizidi, shuka hata kama ni usiku. Kama wote wazima, ng'oeni hema kabla ya jua. Mawingu ya radi hujijenga mchana, na kufika saa sita muwe mmeshavuka, mnateremka upande wa pili.