Bima wamekataa kulipa vyombo vilivyovunjika njiani? Usiikunje hiyo barua kwanza

Barua ya bima ya kukataa kulipa huwa fupi mno. Tunasikitika kukujulisha, kifungu fulani, sahihi, muhuri, basi. Na wewe hapo umekaa stoo unaangalia maboksi ya sahani zilizopasuka, hela yenyewe ni mkopo wa kikoba, na jumamosi wenzako wanataka rejesho. Wafanyabiashara wengi ninaowajua hapa Dodoma, wa vyombo, wa vioo, wa taa za urembo, wa masinki, wakishapokea hiyo barua wanaichukulia kama hukumu ya mahakama, wanaikunja wanaiweka droo wanasema ndo imeisha ivo. Haijaisha jamani. Hilo ni jibu la kwanza, na mara nyingi limeandikwa na mtu ambaye mzigo wako hajauona kabisa, kasoma karatasi tu mezani, na wewe una haki ya kumjibu kwa karatasi vilevile.

Mi nauza vyombo vya udongo na glasi, mzigo nachukua Kariakoo unapanda Fuso unakuja kupitia Morogoro, Gairo, Kibaigwa mpaka hapa mjini. Kuna mzigo ulikuja dina seti na glasi za miguu, kufungua turubai tu nikaona maboksi ya chini yamebonyea, pembe zimeingia ndani, na juu ya maboksi kuna vumbi la kijivu na alama za viatu. Vumbi la saruji. Yaani kuna mtu njiani alipakia mifuko ya saruji juu ya maboksi yaliyochorwa glasi kubwa nyekundu na mishale ya kuonyesha juu ni wapi, akaja akaishusha mbele ya safari, af mzigo ukaendelea kuja kama vile hakuna kilichotokea. Nikapiga picha kabla mtu hajagusa kitu, nikapiga na video wakati vijana wanashusha, na kwenye karatasi ya kupokelea mzigo nikaandika kwa peni maboksi yamebonyea na ndani kunalia vigae, ndo nikasaini. Dereva alinuna. Akasema dada we saini tu hayo mengine utaongea na ofisi. Nikamwambia kaka yangu sina ugomvi na wewe ila siwezi kusaini mzigo salama wakati nasikia glasi zinalia ndani ya boksi.

Nilikuwa nimeukatia bima ule mzigo. Na bima wakakataa. Sababu: ufungaji usiotosheleza.

Hapa ndo nataka tuelewane vizuri kwa sababu hii sababu ya ufungaji ndo inawamaliza watu wa vitu vya kuvunjika. Bima nyingi za mizigo zimejengwa juu ya masharti ya kimataifa yaliyogawanyika A, B na C, angalia kwenye karatasi yako utaona hiyo herufi. Kwenye A, ambayo ndo pana kuliko zote, kuna kipengele kinasema hawalipi hasara iliyotokana na ufungaji usiofaa au usiotosha kuhimili misukosuko ya kawaida ya safari. Soma tena hapo, misukosuko ya KAWAIDA. Barua yao haikuwa na hilo neno, ilisema tu ufungaji hautoshi, wakakata sentensi katikati. Lori kuruka tuta ni kawaida, breki ya ghafla ni kawaida, barabara kutikisa ni kawaida, boksi lako lazima liweze kuvumilia hayo na kama halikuweza basi wako sahihi kukataa. Lakini mfuko wa saruji ni kilo 50, ukipanga kadhaa juu ya boksi la glasi hiyo sio safari ya kawaida hiyo ni kubomoa, na hakuna boksi la glasi duniani linalotengenezwa kubeba saruji.

Kwa hiyo nilipojibu sikuandika maneno ya kulia, japo nililia kweli. Niliandika kujibu kile kifungu walichotaja wao wenyewe. Nikasema maboksi ni yaleyale ya kiwandani, yamevuka bahari kwenye kontena mpaka bandari ya Dar yakiwa mazima, picha za godauni hizi hapa, sikuyafungua sikuyafunga upya. Nikasema tazameni pembe zilivyoingia ndani, tazameni vumbi, tazameni kiatu. Nikasema sahani zilizopasuka ni za maboksi yaliyokuwa chini ya hilo vumbi na za upande wa pili hazina hata ufa, ufungaji uleule, lori lileile, barabara ileile. Kama ufungaji ndo mbovu mbona huku zimepona? Na nikaomba watume mtathmini aje aone kwa macho, kwa sababu vigae vyote nilikuwa nimevitunza. Mtathmini akaja, kijana mpole, alichuchumaa pale stoo akaanza kupanga vipande kwa mkono, akapima boksi lilivyobonyea, akaandika.

Wakalipa. Sio zote, kuna kiasi cha kwanza ambacho mkataba unasema unabeba mwenyewe wakakikata, ila wakalipa.

Sasa jambo la kuangalia, mtu anayekataa dai anapaswa aonyeshe kwamba hicho kipengele cha kukataa kinakuhusu. Wewe kazi yako ni kuonyesha mzigo ulikuwa na bima, ulikuwa mzima ulipoanza safari na umevunjika ndani ya safari. Wao wakisema lakini ulifunga vibaya, hiyo lakini ni yao, waithibitishe. Wengi tunakubali kubebeshwa mzigo wa kuthibitisha vitu viwili kwa pamoja wakati sio wetu wote.

Ila siwezi kuwadanganya, kuna kukataliwa ambako ni kwa haki na utapoteza muda. Jirani yangu anauza vioo vya madirisha na dressing table, vilivunjika vingi sana, akakimbilia bima, kumbe mkataba wake ni ule wa herufi C. C inalipa matukio makubwa yaliyotajwa, moto, gari kupinduka, kugongana, na mengine machache ya namna hiyo. Kioo kupasuka tu ndani ya lori lililofika salama haimo. Na hizi bima za mizigo za barabarani za hapa ndani nyingi ziko hivohivo, moto, ajali, kupinduka, wizi ukiongeza hela. Mtu wa vioo kununua hiyo ni sawa na kununua mwavuli wenye matundu. Kabla hujalipa muulize ajenti swali moja kwa sauti na akujibu kwa maandishi, hata Watsapu: kioo kikivunjika bila gari kupata ajali, mnalipa? Akianza kuzunguka zunguka jibu umeshalipata.

Af kuna watu wa mabasi. Hapa stendi ya Nanenane kila siku watu wanatuma na kupokea vifurushi, simu, tivii, chupa za mvinyo wetu wa zabibu zinaenda Dar na Mwanza, na kwenye risiti unaona kuna hela kidogo imeongezwa, mtu anaambiwa hiyo ya usalama wa mzigo, anaondoka anaamini ana bima. Geuza risiti nyuma usome yale maandishi madogo. Mara nyingi utakuta kampuni inasema haihusiki na vitu vya kuvunjika au italipa mwisho kiasi fulani tu hata kama umetuma tivii ya milioni. Hiyo sio bima, ni msafirishaji anapanga mwenyewe atakulipa mpaka wapi. Bima lazima iwe na kampuni ya bima nyuma yake, namba ya mkataba na jina lako au la biashara yako. Ukiwa huna hiyo basi hasira zako zipeleke kwa msafirishaji, usiende kugombana na watu wa bima ambao hawakujui.

Kuna na hili la seti ambalo linaniuma roho kila nikiliona. Dina seti ya sahani 24, zimevunjika 3. Sisi sokoni tunajua seti pungufu haiuziki kwa bei ya seti, mama wa harusi hataki kusikia sahani 21. Lakini mikataba mingi ina kipengele cha seti na jozi kinachosema wanalipa kile kipande kilichovunjika tu, thamani ya seti iliyoharibika haiwahusu. Hicho kipengele unaweza kuomba kiondolewe au kirekebishwe wakati wa kukata bima, wakati wao ndo wanakutafuta wewe. Ukishavunjikiwa hakuna atakayekusikiliza.

Na thamani. Watu tunaandika thamani ndogo ili hela ya bima iwe ndogo, naelewa, biashara ngumu. Ila hesabu yake iko hivi: mzigo una thamani ya milioni 4, umeukatia wa milioni 2, umevunjika wa milioni 1, wengi watakulipa laki 5, kwa sababu umejikatia nusu na wao wanalipa nusu. Wanaita uwiano. Mtu anadhani amedhulumiwa kumbe ni hesabu. Na hiyo thamani uwe nayo kwenye risiti ya mashine ya EFD, karatasi ya daftari iliyoandikwa na mwenye duka Kariakoo haina nguvu, na jina kwenye risiti lifanane na jina kwenye bima, sio risiti ya mume bima ya mke halafu mzigo kaupokea shemeji.

Vigae msitupe. Najua vinakata watu, najua vinajaza fremu, watoto wanapita, lakini ukivitupa kabla hawajaja kuona umewapa sababu bure. Weka kwenye viroba, andika namba ya boksi, subiri. Na toa taarifa siku hiyohiyo, hata kwa simu kwanza halafu maandishi yafuate, kwa sababu mikataba ina muda na kuchelewa ni sababu nyingine wanayoipenda sana. Msafirishaji naye mwandikie, hata kama bima ndo watakulipa, kwa sababu wakishakulipa wao ndo wanageuka kumdai msafirishaji kwa niaba yako, na kama ulisaini mzigo umefika salama umewafungia huo mlango, nao watakufungia wa kwako.

Kama umejibu kwa maandishi, umeambatanisha kila kitu, na bado wanasema hapana au wanakaa kimya, omba jibu la mwisho kwa barua. Ukishalipata kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya watu kama sisi, hulipii kupeleka lalamiko na huhitaji wakili. Na TIRA wenyewe, mamlaka inayosimamia kampuni zote za bima nchini, makao makuu yako hapahapa Dodoma. Watu wanatoka mikoani kufuata ofisi zilizoko kwetu na sisi tulio dakika chache kwa bajaji hatujawahi kuingia. Nendeni. Bebeni barua ya kukataliwa, mkataba wote na sio ukurasa wa mbele tu, risiti, picha, ile karatasi ya kupokelea mzigo.

Jambo la mwisho kwa wale ambao bima wameanza kulegea. Watakuletea fomu ya kukubali malipo, usaini ndo hela itoke. Ile fomu inasema umekubali kiasi hicho na hudai tena chochote, ukishasaini imefungwa. Wakileta laki 6 kwenye dai la milioni 1 na nusu usisaini kwa sababu kodi ya fremu imefika. Waulize kwa maandishi wamekata nini na kwa kifungu kipi, kila kato lina jina lake kwenye mkataba, na lile ambalo hawawezi kulitaja jina ndo la kugombania.