Chupa ya Dozi 10 Bonde la Yaeda

Tuliondoka Mbulu mjini saa 12 asubuhi na masweta mwilini. Ilipofika saa 3 kila mtu alikuwa amelifunga lake kiunoni. Kushuka Yaeda Chini ni hivyo: baridi inabaki juu kwenye mashamba, huku chini unapokewa na mibuyu, miiba na vumbi linaloingia hata meno ukiwa umeyafunga.

Garini tulikuwa wanne: dereva, nesi, kijana wa kututafsiria kutoka kwa Wahadzabe, wenyeji wa bonde hili wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, na mimi wa kushika kalamu, niandike uzito, urefu na mzunguko wa mkono. Nesi alikipakata kisanduku cha chanjo tangu tulipotoka, hakutaka kukiweka chini. "Barafu hii," alisema, "ikiyeyuka, safari imekwisha."

Kambi tuliyoelekezwa tuliikuta tupu. Majivu yamepoa, vibanda vya nyasi vimeinama, na maganda ya ubuyu yametapakaa. Dereva akaguna: "Hawa watu hawatulii jamani." Kijana wetu hakukasirika. Alichutama akachunguza nyayo, akasema wamefuata mikole iliyoiva upande wa vilima. Kisha akaongeza, kama anayejisemea, kwamba wazee wake walishawahi kutulizwa. Miaka ya 1960 serikali iliwakusanya Yaeda ili walime. Magonjwa ya kuhara na ya kifua yakawaandama, wengi wakarudi porini. Dereva akanyamaza, akawasha gari.

Njiani niliwaza jinsi watu hawa, wanaozidi elfu moja kidogo tu, walivyopimwa. Mwanaanthropolojia James Woodburn alianza kufika kwao mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu hapo wengine wamepima usingizi wao, nguvu inayotumiwa na miili yao, hadi bakteria wa tumboni. Mtafiti Nicholas Blurton Jones na wenzake waliwahesabu watoto: kati ya kila 100 waliozaliwa, kama 21 hawakufikisha mwaka mmoja, na karibu nusu hawakufika umri wa miaka 15. Hesabu hizo ni za zamani. Mwaka 2022 Tanzania ilikuwa na vifo 43 vya watoto chini ya miaka mitano kwa kila vizazi hai 1,000, na ningependa sana kujua Wahadzabe wako wapi ndani ya 43 hiyo. Lakini sensa yetu haijauliza kabila tangu 1967. Sababu yake naielewa, na sitamani swali hilo lirudi. Ila mtoto wa kambini huingia kwenye wastani wa kata akapotelea humo.

Tuliwapata karibu saa 8 mchana. Bibi mmoja alikuwa ndio kwanza anarudi na mizizi aliyochimba. Nikamwamkia shikamoo, akanijibu "mtana" na kucheka miwani yangu. Watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa watano. Utepe wa mkono ukasoma kijani kwa wanne. Wa tano, sentimita 12.1, njano. Mama yake akaniuliza kupitia kijana wetu rangi ile maana yake nini. Nikamweleza kwamba ni utapiamlo wa kadiri. Akamtazama mtoto, akamkorogea uji wa ubuyu kwenye kibuyu, akaendelea kumlisha.

Watatu hawakuwa wamepata chanjo ya surua. Hapo nesi akasita. Chupa tuliyobeba ni ya dozi 10, na ikishafunguliwa haidumu zaidi ya saa 6. Kambi nyingine hatukujua ilipo, na jua lilikuwa linaelekea kushuka. Mtu wa mjini hawezi kuijua hesabu hii: kliniki kubwa watoto 10 wanapatikana kabla ya chai. Nilimwona akiigeuza chupa mkononi mara mbili. Kisha akaivunja kifuniko.

Watatu wakalia, mmoja baada ya mwingine. Mtoto wa nne alilia kwa kuwasindikiza tu.

Jioni tukipanda kurudi Mbulu, nesi alifungua daftari lake juu ya kisanduku. Zilizotumika: 3. Zilizomwagwa: 7.

"Wataniuliza, dada," akaniambia.

"Utawajibu nini?"

Hakujibu. Alimwomba dereva apandishe kioo, vumbi lilikuwa linaingia kwenye daftari.