Nick na Nora hawachuji

Jana usiku mimi na mume wangu tumeirudia The Thin Man, filamu ya upelelezi ya mwaka 1934. Jamani! Muuaji ni nani? Hata sijali sana, maana kesi yenyewe ina watu wengi mpaka unachanganyikiwa. Mimi nawafuata William Powell na Myrna Loy, wanaocheza mume na mke Nick na Nora, wakitaniana. Nora akisikia mumewe yuko kwenye glasi ya 6 ya martini (pombe kali), anamwambia mhudumu amletee na yeye 5 zaidi, azipange mbele yake!

Filamu nyingi za mapenzi huishia harusini. Hawa wameshaoana, na utamu ndipo unapoanzia. Filamu zao zilitoka 6, hadi 1947. (Mbwa wao Asta, mwoga yule, ana mashabiki wake humu ndani.) Leo tunaangalia ya pili.