Ijumaa jioni, Leipzig, Ujerumani

Mchana nimezunguka katikati ya mji kwa miguu. Ni padogo, huhitaji kupanda basi. Nimeanzia kanisa la Nikolaikirche, ambako watu walikusanyika kila Jumatatu mwaka 1989 mpaka serikali ya Ujerumani Mashariki ikatikisika. Ndani, vichwa vya nguzo vimechongwa kama makuti. Mitende, kwenye baridi hii! Nikacheka peke yangu.

Nje ya kanisa la Thomaskirche amesimama Bach, yule mtunzi wa muziki, wa shaba, sanamu ya mwaka 1908, mfuko wa koti umegeuzwa nje, mtupu. Inasemekana ni kwa sababu alikuwa hana hela. Naamini. Alisimamia muziki wa kanisa hili tangu 1723 hadi alipofariki 1750, na sehemu ya kipato chake ilikuwa ada za mazishi. Mwaka 1730 alimwandikia rafiki yake akilalamika kwamba hewa ya Leipzig ikiwa nzuri, mazishi hupungua, na mwaka uliopita alikosa zaidi ya thaler 100, fedha ya wakati huo. Walimu wetu wa kwaya, wanaolipwa kwa "Mungu atakubariki", wangemwelewa haraka.

Saa kumi na mbili jioni nikaingia kwenye ibada ya muziki. Thomanerchor, kwaya ya wavulana iliyoanza 1212, huimba kutoka roshani ya nyuma, kwenye kinanda, nasi tumeelekea altare. Kwa hiyo huoni mtu. Sauti inakujia kisogoni. Hakuna aliyepiga makofi.

Kisha kinanda kikaanzisha "Ein feste Burg" ("Ngome imara"), wimbo wa Luther ambao Bach aliufanyia kantata nzima, yaani utungo wa kanisa wa waimbaji na vyombo, namba BWV 80 katika orodha ya kazi zake. Mimi nimekulia Moshi, usharikani. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na tuni hii tunaipiga hadi kwa matarumbeta. Nikadaka sauti ya besi, kwa Kiswahili, chinichini. Tatizo ni mwendo: kwetu tunavuta mwisho wa kila mstari mpaka pumzi iishe, wao wanakata na kwenda. Kila mstari nilibaki nyuma, mama wa pembeni akinitupia jicho. Kusema kweli, wa kwetu una uzito zaidi.

Kesho saa tisa alasiri kuna kantata. Nitawahi nafasi ya roshani ya pembeni, niwaone hao watoto na mashati yao ya kibaharia.