Siku moja maishani mwangu: kutengeneza udi kwa mkono, Ng'ambo, Zanzibar

Wengi mnaniuliza inbox udi (ala ya muziki ya nyuzi, sio ule wa kufukiza) unatengenezwaje bila mashine kubwa, bas leo nimeandika siku nzima, nilivoishika ndo hivo hivo. Karakana yangu ni chumba kimoja na baraza, meza moja, jiliwa mbili, randa tatu, patasi, na makopo mengi kuliko nafasi.

Saa 12 na nusu asubuhi. Kabla ya chai naangalia kipima unyevu. Leo kimesoma asilimia 81 manake usiku mvua imepiga, kwahivo kazi ya mataruma (vijiti vinavyogandishwa kwa ndani kuushikilia uso, yaani ubao mwembamba wa mbele ya udi) hewani haifanyiki, itafanyika kabatini. Kabati lenyewe la mbao tu, ndani nimetia balbu ya wati 40 ya zile za zamani zinazotoa joto (hizi za LED hazisaidii kitu hapa) na uso wa udi umelala humo tangu juzi unakauka taratibu.

Sababu ni hii, na ukiielewa umeelewa nusu ya kazi. Ubao hunywa unyevu wa hewa ukatanuka upande wa upana, urefu haubadiliki sana. Ukigandisha mataruma wakati ubao umevimba, siku hewa ikikauka ubao unataka kurudi, taruma limeushika haliachii, bas uso unapasuka katikati mstari mmoja mrefu. Ukigandisha ukiwa mkavu halafu ukaja kunywa unyevu baadae, utatuna kidogo tu, na kutuna hakuna hasara. Huu wa leo unakwenda Maskati, na kule nyumba zina AC kutwa kucha, kwahivo sina mchezo.

Saa 1. Gundi. Natumia ya ngozi, ile ya punje rangi ya asali, naloweka usiku kwa maji baridi asubuhi inakuwa imevimba laini. Sufuria ndani ya sufuria, maji ya nje ya moto ila yasichemke, gundi ikae digrii 60 hivi, ikipikwa sana inakufa nguvu. Kupima natia tone baina ya kidole gumba na cha shahada, nabana naachia, ikivuta nyuzi nyembamba iko tayari. Harufu yake sisemi kitu, na mende wanaipenda kwahivo kopo lazima lifunikwe.

Kijana ninaemfundisha kila siku ana swali lilelile. "Fundi, kwanini tusitumie ile nyeupe ya chupa tukamaliza kazi?" Mbavu kwa mbavu, yaani vile vipande vyembamba vinavyoungana kuwa bakuli la nyuma ya udi, atumie, sikatai. Ila uso kwenye bakuli, hapana. Udi wowote unaopigwa kuna siku utafunguliwa, taruma litaachia au uso utazama pale daraja (kipande kinachoshika nyuzi juu ya uso) lilipo, na fundi wa siku hiyo anatakiwa apitishe kisu cha moto na maji kidogo uso utoke mzima. Gundi ya ngozi inakubali hilo. Nyeupe inashikana na ubao mpaka unaondoka nao vipande.

Saa 2 mpaka saa 5. Mbavu, na hapa ndo muda unapoliwa. Bakuli la huu lina mbavu 21, mkangazi na mninga kwa kupishana, kila moja ina unene wa milimita 3 kabla ya msasa, pana katikati na imechongoka huku na huku. Mkangazi unapinda kwa hiari yake. Msaji mzuri pia ila una mafuta, lazima uufute kwa thina kabla ya gundi la sivo haishiki.

Kupinda natumia bomba la chuma cheusi lililobanwa kwenye jiliwa na tochi ya gesi ndani. Sio bomba la maji lenye rangi ya fedha tafadhali, lile likipata moto linatoa moshi mbaya wa kifua. Natia tone la maji juu ya bomba, likirukaruka na kupotea papo hapo joto linatosha. Ubavu naulowesha kidogo, nauegemeza, sisukumi, nasubiri mpaka nisikie ubao umelegea mkononi, ni sekunde chache tu, ndo naufuata na bomba. Anaelazimisha anavunja.

Kisha ukingo. Randa ndefu naigeuza juu chini naibana, ubavu ndo unapita juu ya randa. Nauweka kwenye kalibu pembeni ya mwenzake, nyuma nawasha tochi ya simu, nikiona mwanga popote narudi kwenye randa. Wengine huziba mwanya kwa gundi na unga wa mbao. Inapendeza siku ya kuuza. Ukiungana vizuri natia gundi nafunga na vipande vya tyubu ya baiskeli, havikwaruzi na vinavuta sawasawa. Bakuli likishatoka kwenye kalibu kila muungo unabandikwa ukanda wa karatasi ngumu kwa ndani.

Tumefika ubavu wa 15, leo tunasimama hapo.

Saa 5. Kaja mzee mmoja wa taarab na udi wake kwenye mfuko wa unga. "Shkamoo mzee." "Marahaba mwanangu, hebu usikilize huu, unakoroma." Nikaugonga uso kwa kifundo cha kidole sehemu sehemu, chini ya daraja ukajibu sauti ya kupasuka, taruma limeachia upande mmoja. Kazi ya asubuhi moja hiyo kama ungekuwa unafunguka, ila kuna mtu kaufunga uso kwa gundi ya machupa mawili ya kuchanganya, ngumu kama jiwe. Sasa lazima nitoe nakshi ya tundu kubwa, niingize vidole viwili na gundi kwenye kijiti, halafu nisukume taruma juu kwa kiparafujo nilichokitengeneza mwenyewe, huku natazama kwa kioo kidogo. Kijana alikuwa kasimama pembeni anaangalia, nikamwambia umeona? Hakujibu kitu.

Saa 7. Sala, wali na mchuzi wa papa, umeme ukakatika ukarudi.

Saa 8. Uso, saa niipendayo. Natumia sprusi, mti wa nchi za baridi, mistari yake imekaribiana na ni mwepesi kwa nguvu zake. Kwetu haupo, unaagizwa, au ukibahatika unapata piano mbovu, ule ubao mkubwa wa ndani mara nyingi ni sprusi hiyohiyo na umekauka miaka na miaka. Huu wa leo umetoka kwenye piano.

Nimeushusha mpaka milimita 1.8 katikati na 1.5 pembeni. Vipimo vinakufikisha karibu tu, baada ya hapo naushika kwa vidole viwili pembeni naugonga, ukiwa mnene unajibu tok kama mlango, nakwangua tena kidogo kidogo kwa kipande cha msumeno mpaka ujibu kwa sauti ndefu. Mataruma ni saba, ya sprusi piano ile ile, nayatia gundi ubao ukiwa umetoka kabatini sasaivi na moto wake, nabana, unarudi kabatini na balbu. Lililo karibu na daraja nitalipunguza urefu mwisho kabisa, hilo ndo linaloamua besi itoke au izibe.

Saa 10. Shingo na funguo (vijiti vya kukazia nyuzi). Urefu wa uzi kwenye udi huu ni sentimita 61.5, shingo inachukua theluthi yake, 20.5, ili pale shingo inapokutana na bakuli iwe sauti ya tano juu ya uzi mtupu na mpigaji aijue kwa mkono bila kutazama. Shingo ni mbao nyepesi iliyovikwa mpingo, ikiwa mpingo mtupu udi unainamia kichwani. Funguo 11 ni mpingo kweli, kila milimita 30 za urefu unene unapungua 1, na tundu linapanuliwa kwa mteremko huohuo. Ufunguo ukiteleza chaki, ukikwama sabuni kavu, hakuna siri nyengine.

Saa 11 na nusu. Mteja wa Maskati kapiga video. Kaona uso umebanwa kauliza kama ataupata kabla ya Ramadhani. Nimemwambia inshallah, ila akiupokea asifungue kasha siku hiyohiyo, auache humo ndani siku mbili tatu uzoee hewa ya kule, asiuweke mbele ya AC, na mwezi wa kwanza baada ya kuupokea anitumie picha ya uso kwa pembeni mwanga ukipiga, nione kama umetuna au umezama. Akauliza na ukizama je? Utafunguliwa, mafundi wapo huko pia, mwambie kisu cha moto na maji.