Nimevaa sweta: wiki sita za kusomea ualimu wa kujitolea ugenini

Wiki ya kwanza

Tulikuwa tisa chumbani, kila mtu na lugha yake: Kiarabu, Kisomali, Kireno, Kitamili, na mimi na Kiswahili changu. Kituo kinatafuta walimu wa kujitolea wa kufundisha lugha za nyumbani, kwa watoto waliozaliwa huku ugenini na kwa watu wazima wenye hamu ya kujifunza. Mafunzo ni kila Jumamosi, saa tatu kwa siku, wiki kumi. Mwishoni kila mmoja anapewa darasa halisi, mkufunzi akiwa amekaa nyuma na daftari lake. Nimeamua kuandika kila hatua kwa sababu nilipotafuta mtu aliyeipita njia hii akaieleza kwa Kiswahili, sikumpata. Na najua tuko wengi tulio mbali na nyumbani tunaoitamani kazi hii.

Kulikuwa na makaratasi kwanza: hati ya polisi ya kuonyesha kwamba sina kosa, fomu ya kukubali masharti ya kuwalinda watoto (mojawapo ni kutokaa peke yako na mtoto kwenye chumba kilichofungwa), na swali kuhusu viza. Hili la viza wenzangu mlifuatilie mapema. Baadhi ya nchi huhesabu kujitolea kuwa ni kazi hata kama hupokei senti, na kibali chako huenda hakiruhusu. Mimi niliuliza kwa maandishi nikajibiwa kwa maandishi, na barua ile nimeitunza.

Sasa somo lenyewe. Mkufunzi, mama wa makamo, aliingia, akaweka tofaa mezani, akaanza kusema nasi Kihungari. Hakuna hata mmoja wetu aliyekijua. Kwa dakika ishirini hakutafsiri neno. Alilinyanyua tofaa, akasema "alma", akatupa nafasi, nasi tukasema "alma". Akauliza "Mi ez?" huku amekunja uso kama mtu asiyejua anachokiona. Akajijibu, "Ez alma." Tukaitikia pamoja mara tatu, nne, nikaona hili nimelishika.

Kisha akanigeukia mimi peke yangu. "Mi ez?" Neno nililolisema na wenzangu muda mfupi tu nyuma likanitoka lote. Nilisikia joto masikioni. Yeye hakunitajia, wala hakumpa mwingine nafasi yangu. Alisimama tu, tofaa mkononi, macho ya upole, kimya. Sijui zilipita sekunde ngapi. Likarudi: "Ez alma." Akaitikia kwa kichwa na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Baadaye alituambia tuandike jambo moja tulilolihisi kama wanafunzi. Niliandika: alinisubiri.

Wiki ya pili

Zamu ya kuchunguza lugha zetu wenyewe. Dada wa Kireno, tuliyepangwa naye, alinitaka nimwambie "kitabu changu" na "rafiki yangu", akauliza kwa nini kimoja ni changu na mwingine ni yangu. Kitabu nilikieleza: ngeli ya KI-VI, kwa hiyo cha-. Rafiki je? Rafiki ni mtu, mtu ni A-WA, na tunasema "mtu wangu". Nilikwama hapo hapo.

Wiki nzima nilikuwa na kijikaratasi mfukoni. Rafiki yangu, dada yangu, mama yangu, jirani yangu. Lakini mwalimu wangu, daktari wangu, mtoto wangu. Halafu rafiki huyo huyo, ukimtoa kwenye umiliki, anarudi kwenye A-WA bila ubishi: rafiki mzuri, rafiki huyu, rafiki anakuja. Kwa hiyo maneno mengi ya udugu na ukaribu yasiyo na kiambishi cha ngeli m- huchukua umiliki wa I-ZI, na mengine yote yanafuata uhai. Nimeisema lugha hii maisha yangu yote na sikuwahi kukosea hapo, wala sikuwahi kuliona.

Nikanogewa. Nikapata ndege mkubwa anayeruka na ndege kubwa inayoruka, mmoja ana manyoya na nyingine ina injini. Nikapata barabara tunayopita na barabara ya "sawa kabisa", tofauti ikiwa ni mahali pa kukaza sauti tu. Jumamosi nilifika na kurasa tatu.

Mkufunzi alizisoma zote kwa makini, akaniambia: "Mwalimu, hivi ni vyako. Mwanafunzi wa siku ya kwanza mpe kimoja." (Anatuita walimu tangu siku ya kwanza, na nimegundua jina hilo linaninyoosha mgongo.) Akatuonyesha jinsi ya kuandika andalio la somo, na hapo akawa mkali kuliko popote. Lengo lisiandikwe kwa kitenzi kisichoonekana. Mwanafunzi "aelewe", mwanafunzi "ajue", vyote alivikata kwa kalamu. Utaonaje kwamba ameelewa? Andika aseme, achague, aonyeshe, apange. Lengo langu la kwanza lilikuwa "mwanafunzi aelewe wakati -me-". Likawa "mwanafunzi aseme mwenzake amevaa nini, kwa sentensi tatu."

Wiki ya tatu

Dakika kumi kila mmoja, kufundisha lugha yako mbele ya wanane wasioijua. Nilijiandaa vizuri na nikafundisha vibaya. Nilichora mstari wa nyakati ubaoni. Nilieleza kiambishi, nikataja mifano, nikauliza swali, na kabla mtu hajafungua mdomo nikalijibu.

Mkufunzi alikuwa na saa ya kuhesabia. Katika dakika kumi nilikuwa nimesema mimi zaidi ya nane. Niliuliza maswali kumi na moja, manne tu yakajibiwa na mwanafunzi. Akanionyesha nukta ndogo pembeni mwa kila swali, moja kwa kila sekunde niliyosubiri. Mengi yalikuwa na nukta moja. Mengine hayakuwa nayo.

Kumbe limechunguzwa kitambo. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, katika miaka ya 1970 alisikiliza kanda nyingi za masomo ya sayansi na kukuta walimu husubiri kama sekunde moja hivi baada ya kuuliza, kisha hurudia swali, huita mwingine au hujibu wenyewe. Walimu waliojizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi walipata majibu marefu zaidi, na watoto waliozoeleka kuwa wanyamavu wakaanza kusema.

Sekunde tatu ukizisoma ni kidogo. Simama mbele ya watu uzihesabu. Kwetu sisi tuliolelewa kwenye madarasa ya kuitikia kwa pamoja, ukimya darasani unasikika kama kosa la mwalimu, na mkono unakwenda wenyewe kwenye chaki. Wiki nzima nilijizoeza nyumbani: nauliza swali, nabana kidole gumba kwenye kiganja, moja, mbili, tatu, nne, naachia.

Wiki ya nne

Nilirudia somo lile lile, safari hii bila mstari wa nyakati. Nilichukua sweta.

Nikaanza kuivaa polepole. Mkono wa kwanza ukiwa nusu njia ndani ya mkono wa sweta nikasimama hapo, nikasema, "Ninavaa sweta." Mkono wa pili, kichwa, bado: "Ninavaa sweta." Ikashuka mpaka kiunoni. Nikaweka mikono pembeni, nikatulia kabisa kama mtu anayepigwa picha. "Nimevaa sweta." Nikavua, nikarudia. Mara ya tatu nikaonyesha kwa kiganja kwamba waseme wao.

Dada wa Kireno aliniangalia nimetulia, sweta mwilini, akasema, "Mwalimu anavaa sweta."

Wiki moja nyuma ningemrekebisha papo hapo. Kosa lenyewe si la uzembe. Lugha nyingi zinamtazama aliyevaa kama mtu aliye katikati ya kitendo, ilhali Kiswahili kinaona kitendo kimekwisha na hali imebaki: amevaa, amekaa, amesimama, amelala. Nilibana kidole gumba. Nikaivua sweta, nikaanza kuivaa upya, nikasimama mkono mmoja ndani. Nikamwangalia. Akasema, "Anavaa." Nikamalizia, nikatulia. Kimya. Nilifika tano kwenye kuhesabu. Mama wa Kisomali aliyekaa nyuma akasogea mbele kidogo kwenye kiti: "Mwalimu... ame... amevaa sweta."

Sikusema kitu. Niliinua mguu nikaonyesha kiatu, kwa kuwa neno "viatu" tulishalipita mwanzoni. Dada wa Kireno akawahi: "Mwalimu amevaa viatu!"

Hakuna aliyeniona nikivaa viatu. Nilivivaa nyumbani asubuhi. Kwa hiyo hakuwa anaiga nilichofanya mbele yake. Alikuwa ameishika maana. Nakiri nilitaka kumkumbatia.

Mkufunzi aliandika: umesema dakika nne, wao sita. Akaniambia pia kwamba kuamrisha na kuonyesha kwa mwili kabla ya kumdai mwanafunzi aseme ni njia iliyoenezwa na mwanasaikolojia James Asher tangu miaka ya 1960, na kwamba inafaa zaidi kwa vitenzi na vitu vinavyoshikika. Usijaribu kuvaa "uhuru", alisema, akacheka.

Wiki ya tano

Tulipelekwa kukaa ndani ya darasa la watoto, miaka saba hadi kumi, na kusaidia kikundi kimoja kila mtu. Hawa ni tofauti sana na watu wazima. Wengi wanaelewa karibu kila neno. Mama anasema Kiswahili nyumbani, mtoto anajibu kwa lugha ya shuleni, na maisha yanaendelea hivyo miaka. Sikio limejaa, ulimi haujazoea.

Binti mmoja kikundini kwangu alikuwa hajasema lolote tangu asubuhi. Tulikuwa tunatazama picha ya njia ya mlimani. Nikauliza hii ni nini, nikasubiri kama nilivyofundishwa, na ukimya ulikuwa mrefu. Akasema kwa sauti ndogo, "Ndia."

Nikasema, "Siyo ndia, ni njia." Alitazama meza na hakusema tena mpaka mwisho.

Mkufunzi hajui Kiswahili, lakini aliona uso wa mtoto. Aliniuliza, "Neno lake amelitoa wapi?" Nikamuuliza mama yake alipokuja kumchukua. Bibi yake ni mtu wa Mombasa, na ndiye anayempigia simu kila Ijumaa.

Hili limenikalia moyoni kuliko jingine lolote katika wiki hizi. Najua vizuri kwamba Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, kwa uamuzi wa mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe mwaka 1928, na kwamba kamati ya kukisimamia ilianza kazi mwaka 1930. Najua Kimvita, lahaja ya Mombasa, kilikuwa na washairi wakubwa karibu karne nzima kabla ya hapo. Muyaka bin Haji alitunga kwa Kimvita. Yote nayajua, na bado mdomo wangu ulimwambia mtoto "siyo" kuhusu neno la bibi yake. Nilikuwa nimejifunza kusubiri kabla ya jibu. Baada ya jibu sikusubiri hata sekunde moja.

Wiki ya sita

Niliomba kikundi kile kile. Kabla ya chochote niliandika ubaoni njia, na kando yake ndia. Nikamwambia binti mbele ya wenzake kwamba Jumamosi iliyopita mimi ndiye niliyekosea: vitabuni ataikuta njia, bibi yake anasema ndia, na yote mawili ni Kiswahili. Nikanyamaza.

Alichukua muda. Akasema, "Na bibi akiniita anasema ndoo."

Nikampa kalamu. Akaandika ndoo chini ya ndia, na mwenzake akaandika njoo upande wa pili. Wameamua wenyewe kwamba orodha iendelee, na Ijumaa binti atamuuliza bibi maneno mengine kwenye simu.

Jumamosi ijayo ni somo langu la kwanza la kupimwa, nusu saa, na nimepewa mada ya saa. Nilidhani ni nyepesi: mshale kwenye saba, sisi tunasema saa moja. Jua likichomoza tunaanza kuhesabu. Kisha nikatazama dirishani. Sisi tuliotoka karibu na ikweta jua letu huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, ndiyo maana hesabu yetu inakaa sawa. Huku, majira ya baridi, saa moja asubuhi ni giza totoro, na mtoto yuko kitandani. Nikimwambia saa moja jua limeshachomoza, atatazama nje aone namdanganya.

Kwa hiyo nimebadilisha andalio. Lengo: mtoto ageuze mishale na aseme saa tatu tofauti za siku ya mtu anayeishi ikweta, kisha saa hizo hizo za siku yake mwenyewe. Nina tochi ya kuwa jua na mpira wa kuwa dunia, wenye mstari mwekundu katikati. Nyuso za saa nimekata sita kwa karatasi ngumu, moja kwa kila mtoto, ya binti nimeiweka juu. Bado mishale na vipini vya kuishikiza.